Kukabidhi kifaa cha USB kwa mashine pepe: mwongozo kamili wa VirtualBox na KVM kwenye Ubuntu

Umechomeka ufunguo wa leseni wa programu ya uhasibu, modemu, skana ya alama za vidole, au simu inayotakiwa kuflashiwa, yaani kuandikiwa upya programu yake. Ubuntu inakiona kifaa, lakini Windows iliyo ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu, haina habari nacho. Au inakiona kwa sekunde tatu kisha kinapotea. Wengi huishia kufuta Windows na kuisakinisha upya, kazi ya nusu siku isiyosaidia kitu, maana kosa karibu kila mara liko nje ya Windows.

Shika kanuni moja: kifaa cha USB hushikwa na mmoja tu kwa wakati mmoja, ama kerneli (kiini cha mfumo) ya kompyuta halisi, ama mashine pepe. Na anayekishika hukitambua kwa namba zake mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Namba hizo zikibadilika, kwake hicho ni kifaa kingine kabisa. Ukijua wakati wowote nani amekishika kifaa na kina namba gani, utalitatua tatizo hili bila kubahatisha.

Humu, mwenyeji ni kompyuta halisi yenye Ubuntu, na mgeni ni Windows iliyo ndani ya mashine pepe.

## Vinavyohitajika

- Ubuntu 22.04 au 24.04, na akaunti yenye uwezo wa `sudo`.
- Programu ya kuendesha mashine pepe: VirtualBox, au KVM pamoja na dirisha lake la virt-manager. Chagua mojawapo, usiziwashe zote mbili kwa pamoja.
- Mashine pepe ya Windows inayowaka vizuri, na iwe imezimwa kabisa. Ile ambayo hali yake imehifadhiwa haikubali kubadilishiwa vifaa.
- Draiva (programu ya kuendesha kifaa) kwa ajili ya Windows, uwe umeshaipakua. Draiva ya Ubuntu haimsaidii mgeni kwa lolote.
- Kebo inayopitisha data. Kebo nyingi za chaja za simu hupitisha umeme tu.
- Kipanya na kibodi vilivyochomekwa mbali na tundu utakalotumia kwa majaribio.

## Hatua ya 1: Amua kama kifaa kinahitaji kukabidhiwa

Kipanya na kibodi usivikabidhi, VirtualBox na virt-manager huvishughulikia zenyewe. Flashi yenye mafaili tu ni rahisi kuitumia kupitia folda ya pamoja. Printa yenye Wi-Fi au waya wa mtandao iunganishe kwa mtandao.

Vinavyohitaji kukabidhiwa kweli ni vile ambavyo programu ya Windows huzungumza navyo moja kwa moja: funguo za leseni, skana za vidole, visoma kadi, vifaa vya kuprogramu mikrokontrola, na simu zilizo katika hali ya kuflashiwa.

## Hatua ya 2: Thibitisha kwamba mwenyeji anakiona kifaa

Fungua terminali, chomeka kifaa, kisha andika:

```
lsusb
```

Utapata mistari ya namna hii:

```
Bus 001 Device 007: ID 0529:0001 Aladdin Knowledge Systems HASP copy protection dongle
```

Nakili sehemu ya `0529:0001`. Ya kwanza ni namba ya mtengenezaji, ya pili ni ya bidhaa. Namba 007 usiishike, kwa sababu hubadilika kila unapochomoa na kuchomeka tena. Anayeiweka namba hiyo kwenye mipangilio atafanikiwa leo na kushindwa kesho asubuhi.

Angalia pia kasi ya kifaa:

```
lsusb -t
```

Mwisho wa kila mstari kuna `12M`, `480M` au `5000M`: yaani USB 1.1, USB 2.0 na USB 3.0. Utaihitaji kwenye hatua ya 5.

Kikikosekana kwenye orodha, acha kugusa mashine pepe. Andika `sudo dmesg -w`, chomoa kifaa, kichomeke tena, usome kinachojiandika. Ujumbe kama `device descriptor read/64, error -71` maana yake mawasiliano yenyewe ni mabovu: kebo, tundu, au umeme hautoshi. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Modemu na diski kubwa zikikosa umeme wa kutosha hujizima na kujiwasha. Badilisha kebo kwanza, kisha tundu, kisha tumia habu yenye umeme wake.

## Hatua ya 3: Mwondoe aliyekishika kifaa

Ubuntu huwa na huduma za nyuma zinazodaka kifaa mara tu kinapochomekwa. Mashine pepe ikija kukiomba, inakuta mwenzake yuko kazini.

Flashi na diski: itoe kwanza kwenye kidhibiti mafaili, au andika `udisksctl unmount -b /dev/sdb1` ukiweka jina la diski yako. Usikabidhi diski ambayo bado iko wazi upande wa mwenyeji. Mifumo miwili ikiandika juu ya diski moja, mafaili huharibika, na mara nyingi hayarudi.

Modemu: `sudo systemctl stop ModemManager`

Printa za USB: `sudo systemctl stop ipp-usb`

Visoma kadi: `sudo systemctl stop pcscd.socket pcscd`

Skana za vidole: `sudo systemctl stop fprintd`

Kwa vifaa vyenye chipu ya CH340, namba `1a86:7523`, Ubuntu 22.04 ina kero yake. Huduma ya brltty, iliyokusudiwa mashine za maandishi ya nukta nundu kwa wasioona, hukidhania kifaa hicho ni chake na kukidaka. Kama hakuna anayeitegemea kwenye kompyuta hiyo, iondoe kwa `sudo apt remove brltty`.

Huduma iliyosimamishwa kwa `stop` itarudi kompyuta ikiwashwa upya. Izime isirudi tena baada tu ya kuhakikisha kwamba ndiyo iliyokuwa kikwazo.

## Hatua ya 4: Pata ruhusa (VirtualBox)

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye Linux, VirtualBox haionyeshi kifaa chochote cha USB mpaka mtumiaji awe kwenye kundi la `vboxusers`:

```
sudo usermod -aG vboxusers $USER
```

Herufi `-a` usiisahau. Bila hiyo, amri inakuondoa kwenye makundi mengine yote, likiwemo la `sudo`.

Kisha washa kompyuta upya. Kufunga terminali na kuifungua tena hakutoshi, kwa kuwa uanachama wa kundi husomwa unapoingia kwenye akaunti. Ikishawaka, thibitisha:

```
groups
VBoxManage list usbhost
```

Amri ya kwanza ionyeshe `vboxusers`. Ya pili ionyeshe vifaa vyako. Ikijibu `<none>` ilhali `lsusb` ina orodha ndefu, ruhusa bado haijakufikia.

Kwenye jibu la amri ya pili, tazama mstari wa `Current State`. Available maana yake kiko huru. Busy maana yake mwenyeji anakitumia, ila VirtualBox inaweza kujaribu kukichukua. Captured maana yake mashine pepe imekishika. Unavailable inakurudisha hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Chagua kontrola inayofaa

Kontrola ndiyo inayosimamia matundu ya USB ya mashine. Mashine pepe ikiwa imezimwa, nenda Settings, kisha USB, weka tiki kwenye Enable USB Controller, uchague USB 3.0 (xHCI). Kwa terminali, ukiweka jina la mashine yako badala ya `Windows10`:

```
VBoxManage modifyvm "Windows10" --usb-xhci=on
```

Kontrola ya xHCI hupokea vifaa vya kasi zote, hivyo ndiyo ya kuchagua kwa Windows 8 na zilizofuata. Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3.0. Mpe mgeni wa namna hiyo USB 2.0, la sivyo vifaa vyote vitaonekana vimekufa.

Suala la toleo nalo lina uzito. Kuanzia VirtualBox 7.0, iliyotoka Oktoba 2022, kontrola za USB 2.0 na 3.0 zimo ndani ya programu yenyewe. Matoleo ya nyuma, kama 6.1 inayokuja na Ubuntu 22.04, yanahitaji nyongeza iitwayo Extension Pack, na toleo la nyongeza lilingane na toleo la programu. Ofisi zijue kwamba nyongeza hiyo ni bure kwa matumizi binafsi, ya kielimu au ya majaribio tu. Kwa matumizi ya biashara Oracle, mwenye VirtualBox, hutoza leseni. Ni afadhali kupandisha VirtualBox hadi 7.

Ukikabidhi kifaa cha 480M kwa mashine yenye kontrola ya USB 1.1 pekee, utapata `VERR_PDM_NO_USB_PORTS`. Maana yake si kwamba matundu yamejaa. Ni kwamba hakuna tundu pepe linalofaa kasi hiyo.

## Hatua ya 6: Kabidhi kwa mkono kwanza

Washa Windows ya ndani, subiri mpaka meza yake (desktop) ikae sawa. Kwenye menyu ya dirisha la VirtualBox bofya Devices, kisha USB, kisha jina la kifaa.

Ukifanikiwa, mambo matatu hutokea: tiki inakaa kando ya jina, `Current State` inageuka kuwa Captured, na Windows inatoa mlio wa kifaa kuchomekwa. Fungua Device Manager ndani ya Windows. Alama ya njano si dalili kwamba ukabidhi umeshindwa. Kifaa kimefika, kinachobaki ni kazi ya Windows:

- Code 28: draiva haipo. Isakinishe ndani ya mgeni.
- Code 10: draiva ipo lakini kifaa hakikuanza. Chomoa na uchomeke tena, kisha jaribu USB 2.0 badala ya 3.0.
- Code 43: Windows imekizima kifaa baada ya kuripotiwa hitilafu. Kebo na umeme ndivyo washukiwa wa kwanza.

Baadhi ya funguo za leseni hutaka draiva isakinishwe kabla ya kuchomekwa. Soma maelekezo ya mtengenezaji usije ukaanza kusafisha draiva mbovu baadaye.

## Hatua ya 7: Weka kichujio ili kifaa kijikabidhi chenyewe

Kichujio ni kanuni inayoiambia VirtualBox ichukue kifaa gani kikichomekwa. Rudi Settings, USB. Bofya alama ya kujumlisha iliyo pamoja na kifaa, uchague chako. VirtualBox itajaza kila nafasi: toleo, mtengenezaji, jina, namba ya mfululizo. Futa zote ubakize Vendor ID na Product ID. Kichujio chenye maelezo mengi hukikataa kifaa hichohicho kikibadilika kidogo tu.

Kama una vifaa viwili vya namba moja, kwa mfano skana mbili zinazofanana, hapo ndipo uiache namba ya mfululizo ili kila mashine ichukue yake.

Kwa terminali:

```
VBoxManage usbfilter add 0 --target "Windows10" --name "Leseni" --vendorid 0529 --productid 0001
```

Onyo: alama ya kujumlisha isiyo na kifaa hutengeneza kichujio kitupu, na kichujio kitupu hudaka kila kitu. Mashine ikiwaka, kibodi na kipanya vyako vinahamia kwa mgeni na mwenyeji anabaki bila mikono. Ikikutokea, ingia kwa SSH (terminali kupitia mtandao) kutoka kompyuta nyingine uizime mashine kwa `VBoxManage controlvm "Windows10" acpipowerbutton`.

## Vifaa vinavyobadili namba: modemu na simu

Sehemu hii isome taratibu, hasa ukiwa fundi simu.

Modemu nyingi za Huawei zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama kisahani cha CD chenye programu ya kusakinisha, kwa namba kama `12d1:1446`. Baada ya sekunde chache hugeuka kuwa modemu yenyewe, kwa namba kama `12d1:1506`. Kichujio cha namba ya kwanza pekee kitaidaka modemu ikiwa CD. Ikigeuka inarudi kwa mwenyeji, na wewe unaona imepotea.

Dawa ni moja kati ya mbili. Iache Ubuntu iigeuze kwanza kwa programu yake ya usb-modeswitch, ndipo ukabidhi namba ya pili. Au weka vichujio viwili, kimoja kwa kila namba.

Simu zina nyuso nyingi zaidi. Simu yenye chipu ya MediaTek, kama nyingi za Tecno, Infinix na itel, ikiwa imewaka ina namba moja. Ukiizima na kuichomeka hutokea kama preloader (programu ndogo ya kuiwasha simu), `0e8d:2000`, kwa muda mfupi mno. Ikiingia kwenye hali ya boot ROM (programu ya kudumu ndani ya chipu) inakuwa `0e8d:0003`. Zenye chipu ya Unisoc hujitokeza kama `1782:4d00`, na za Qualcomm katika hali ya EDL (ya dharura ya kuflashi) ni `05c6:9008`. Simu za Google zikiwa kwenye fastboot, hali yao ya kuflashi, ni `18d1:4ee0`.

Usiamini orodha hii pekee, ikague simu iliyo mkononi mwako. Acha `sudo dmesg -w` ikikimbia, chomeka simu ikiwa imezimwa, usome:

```
usb 1-2: new high-speed USB device number 9 using xhci_hcd
usb 1-2: New USB device found, idVendor=0e8d, idProduct=2000, bcdDevice= 1.00
usb 1-2: USB disconnect, device number 9
```

Mistari mitatu hiyo inaeleza kila kitu. Simu ilifika kwa `0e8d:2000`, haikupata mtu wa kuzungumza naye, ikaondoka. Hakuna mkono wa binadamu unaowahi menyu ya Devices katika muda huo. Weka kichujio kwa kila namba uliyoiona, washa mashine pepe, fungua programu ya kuflashia na uibofye ianze kusubiri, ndipo uchomeke simu.

Hata hivyo ukabidhi wenyewe huchukua muda, na preloader haingoji. Kama inakuponyoka kila mara, ingiza simu kwenye boot ROM kwa kushikilia vitufe vya sauti unapochomeka, kwa kuwa hali hiyo hukaa muda mrefu zaidi kwenye simu nyingi. Na kama kuflashi ndiyo kazi yako ya kila siku, tafuta kompyuta yenye Windows halisi. Ukabidhi ukikatika katikati ya kuandika simu, simu inaweza kufa, na simu hiyo ni mali ya mteja.

## Ukitumia KVM na virt-manager

Hatua 1 hadi 3 hazibadiliki. Kundi linalohitajika hapa ni `libvirt`.

Fungua mashine kwenye virt-manager, bofya alama ya taa, Add Hardware, USB Host Device, chagua kifaa. Hakikisha kontrola ya USB ni USB 3.

Njia ya faili ina uwezo zaidi. Andika `leseni.xml`:

```
<hostdev mode='subsystem' type='usb' managed='yes'>
  <source startupPolicy='optional'>
    <vendor id='0x0529'/>
    <product id='0x0001'/>
  </source>
</hostdev>
```

Kisha, mashine ikiwa inawaka (`win10` ni jina la mashine, weka la kwako):

```
virsh -c qemu:///system attach-device win10 leseni.xml --live --config
```

`--live` inakabidhi sasa hivi, `--config` inakumbuka kwa siku zijazo. Mashine ikiwa imezimwa tumia `--config` peke yake.

Neno `optional` lina kazi kubwa. Bila hilo, mtu akiondoka na ufunguo wa leseni mfukoni, mashine nzima inakataa kuwaka kwa ujumbe `Did not find USB device`.

Tofauti na VirtualBox, hapa kifaa kikichomolewa na kurudishwa wakati mashine inawaka, hakirudi chenyewe. Lazima ukitoe kwa `detach-device` na ukikabidhi upya. Kwa hiyo simu na modemu zinazobadili namba zitakusumbua. Ukitumia dirisha la virt-manager lenye SPICE (njia ya kuonyesha skrini ya mgeni), nenda Virtual Machine, Redirect USB device. Njia hiyo inastahimili zaidi kuchomoa na kuchomeka, ila dirisha libaki wazi.

Vifaa viwili vya namba moja vitaleta ujumbe wa `multiple USB devices`, na libvirt, huduma inayosimamia KVM, itakutaka utaje namba za Bus na Device zilizo kwenye `lsusb`. Kwenye Proxmox, mfumo wa seva unaotumia KVM, hili lina suluhisho zuri zaidi, kukabidhi kwa tundu: `qm set 100 -usb0 host=1-2`, yaani Bus 1, tundu la 2. Chochote kitakachochomekwa kwenye tundu hilo kinakwenda kwa mashine 100, hata kikibadili namba mara tano. Namba ya tundu utaisoma kwenye `lsusb -t`.

Kama kila kitu ni sawa na kifaa bado kinakataliwa, tazama `sudo dmesg | grep DENIED`. Kwenye Ubuntu, mlinzi wa usalama aitwaye AppArmor wakati mwingine huizuia QEMU, programu inayoendesha mashine ya KVM, isiguse kifaa, na ujumbe wa virt-manager hausemi hivyo waziwazi.

## Kifaa kikikatika kila baada ya dakika chache

Kerneli hulaza vifaa visivyotumika ili kuokoa umeme, na vingine vikilala haviamki vizuri. Kwa kifaa kilicho kwenye tundu 1-2:

```
echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control
```

Ndani ya Windows pia, nenda Power Options uzime USB selective suspend. Pande zote mbili zinahusika.

## Njia ya mwisho: kabidhi kontrola nzima

Vifaa vya sauti na vinavyojiwasha upya mara kwa mara hufanya kazi vizuri zaidi mgeni akipewa kontrola nzima ya USB badala ya kifaa kimoja. Hapo mwenyeji hahusiki tena na kinachochomekwa. Hili linawezekana kwa KVM. VirtualBox iliondoa uwezo huo tangu toleo la 6.1.

Washa VT-d (Intel) au AMD-Vi (AMD), uwezo wa kumpa mgeni kadi halisi, kwenye BIOS. Kwa Intel, ongeza `intel_iommu=on` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, endesha `sudo update-grub`, washa upya. Kisha:

```
lspci -nn | grep -i usb
```

Ukiona kontrola moja tu, ishia hapo. Laptopu nyingi ziko hivyo, na ukiikabidhi unapoteza kila tundu la USB. Kwenye kompyuta ya mezani, kadi ya PCIe ya USB 3.0 inatatua hilo: kontrola yake ndiyo utakayoichagua kwenye Add Hardware, PCI Host Device. Kabla ya kuichagua, tazama ndani ya `/sys/kernel/iommu_groups`, yenye makundi ya vifaa vinavyokabidhiwa kwa pamoja, kama imo kwenye kundi lake peke yake. Ikiwa imechangia kundi na kadi ya mtandao au ya diski, hamishia kadi kwenye tundu jingine la PCIe na ukague tena.

Mashine ikiwaka, kifaa kinachochomekwa kwenye kadi hiyo hakitaonekana kabisa kwenye `lsusb` ya mwenyeji, kitaonekana ndani ya Windows tu.